Wanafunzi wasiojitaja: utafiti wa Mbarara na maswali yake kwa vyuo vya Afrika Mashariki

Mwaka 2005, na tena mwaka 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, waligawiwa hojaji ndefu wajaze wenyewe bila kuandika majina. Hojaji iliuliza mambo mengi: umri, nafasi ya dini nyumbani, kama mtu alikulia kijijini au mjini, unywaji wa pombe, kiasi anachowaamini watu wengine, afya yake ya akili, na uzoefu wake wa mapenzi. Ndani ya orodha hiyo yaliwekwa maswali machache ambayo vyuo vya ukanda huu havikuwa na mazoea ya kuyauliza: kama mwanafunzi amewahi kumpenda au kuvutiwa na mtu wa jinsia yake, na kama amewahi kuwa na uhusiano wa kimwili na mtu huyo. Mwaka 2005 walijibu wanafunzi 980, na mwaka 2010 walijibu 1,954. Matokeo ya maswali hayo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la PLOS ONE na Anette Agardh wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, akiwa pamoja na Michael Ross na wenzao.

Thamani ya utafiti huo iko katika mahali ulipofanyikia. Maandishi ya kitaalamu juu ya watu wanaovutiwa na jinsia yao katika Afrika Mashariki yalikuwa yameelekea zaidi kwenye miji ya pwani na kwenye vita dhidi ya UKIMWI. Gill Shepherd aliandika juu ya Mombasa mwaka 1987, na Deborah Amory juu ya mwambao wa Waswahili mwaka 1998. Wote wawili walitazama mitaa, harusi, ngoma na tabaka za jamii. Mwanafunzi wa chuo kikuu, anayelala chumba kimoja na wenzake, anayesubiri matokeo ya muhula na kuogopa barua ya kufukuzwa, hakuwa mhusika wao. Kule Mbarara, darasa lenyewe ndilo lililotazamwa.

Kabla ya kwenda mbali inafaa kutenganisha makundi matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Lipo kundi la wanaovutiwa kimapenzi na watu wa jinsia yao, wanaume kwa wanawake. Lipo kundi la watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile iliyoandikwa kwenye cheti chao cha kuzaliwa. Hao huitwa waliobadili jinsia, ingawa wengi wao hawajapata matibabu yoyote. Na lipo kundi la huntha, waliozaliwa na maumbile ya mwili yasiyoingia moja kwa moja upande wa kiume wala wa kike. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza nchini humo na kupata watu 1,524. Utafiti wa Mbarara ulihusu kundi la kwanza tu. La pili litakuja baadaye, kwa sababu shida yake chuoni ni nyingine.

Uzito wa utafiti wa aina hii huanzia kwenye namna ya kuuliza. Mtafiti anayesimama mlangoni mwa bweni na kuuliza nani anavutiwa na jinsia yake atarudi mikono mitupu, au atarudi na majibu ya wale wawili watatu ambao tayari wanajulikana na pengine wameshazoea kutukanwa. Hojaji isiyo na jina, inayojazwa na darasa zima kwa wakati mmoja, hubadilisha hali hiyo. Aliyejibu ndiyo na aliyejibu hapana wanarudisha karatasi zinazofanana. Hakuna aliyeitwa pembeni, na hakuna anayeweza kusema kwamba kukubali kushiriki ni dalili ya jambo fulani. Faida ya pili ni ya kitakwimu: wasiovutiwa na jinsia yao nao wamo katika hesabu, kwa hiyo hali za makundi mawili ya chuo kilekile, umri uleule na mazingira yaleyale zinaweza kulinganishwa.

Kuuliza hisia na kuuliza vitendo kwa maswali tofauti nako kulikuwa uamuzi wa busara. Sheria za Afrika Mashariki zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza huadhibu vitendo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahusu tendo, na tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 adhabu yake inafika kifungo cha maisha na haishuki chini ya miaka 30. Mwanafunzi anayekubali kwamba moyo wake umewahi kumwelekea mtu wa jinsia yake hajakiri kosa lolote. Anayekubali tendo amekiri, hata kama karatasi haina jina. Ndiyo maana haishangazi kwamba kule Mbarara waliosema wamewahi kuvutiwa walikuwa wengi kuliko waliosema wamewahi kuwa na uhusiano. Sehemu ya tofauti hiyo ni maisha yenyewe, maana si kila anayependa hutenda. Sehemu nyingine, bila shaka, ni hofu.

Lililojitokeza katika majibu lina sura tatu. Wanafunzi waliowahi kuvutiwa na jinsia yao, au kuwa na uhusiano nayo, kwa jumla walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko wenzao wa kuwa na dalili za afya mbaya ya akili. Walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamelazimishwa kingono. Na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba walihitaji ushauri wa afya ya uzazi na ya mapenzi wasiupate.

Katika hayo matatu, la kulazimishwa ndilo linalostahili kukaliwa muda mrefu, kwa kuwa linapindua picha iliyozoeleka. Katika mijadala ya hadharani, mwanafunzi wa aina hii hutajwa kama hatari kwa wenzake: ndiye atakayewaharibu wengine bwenini. Takwimu za Mbarara zinamwonyesha akiwa upande wa pili wa tukio, yaani aliyefanyiwa. Njia inayofikisha mtu hapo si ngumu kuiona. Mwenye siri anaweza kutishwa kwa siri yake. Anayemjua anaweza kumdai pesa, au mwili, kwa tishio la kumpigia simu baba yake au kupeleka taarifa kwa uongozi. Na aliyetendewa hana pa kwenda, kwa kuwa maelezo yake polisi au kwa mlezi wa bweni yataanza na swali la alikuwa anafanya nini na mtu huyo. Mhalifu analijua hilo vizuri.

Juu ya afya ya akili, maelezo yaliyokubalika zaidi ni yale ya Ilan Meyer, mtaalamu wa Marekani, aliyeyapa umbo kamili katika makala ya mwaka 2003. Hoja yake ni kwamba watu wa kundi dogo linalodharauliwa hubeba mzigo wa msongo ambao wenzao hawana, ukiwa juu ya misongo ya kawaida ya ada, mitihani na maradhi. Mzigo huo una tabaka. Ya nje kabisa ni matukio yenyewe: kupigwa, kutukanwa, kufukuzwa. Inayofuata ni kuyatarajia matukio hayo kila siku hata yasipotokea, ambako kunachosha kuliko watu wanavyodhani. Kisha kuna kazi ya kuficha, ya kuchunga kila neno, kila picha kwenye simu, kila jina linalotajwa. Na ndani kabisa kuna dharau ya jamii ambayo mtu ameimeza mpaka ikawa maoni yake juu ya nafsi yake. Meyer aliongeza kwamba kuwa na watu wanaokuelewa hupunguza uzito wa tabaka zote hizo. Kwa maelezo hayo ugonjwa hautoki katika kuvutiwa kwenyewe. Unatoka katika namna mtu anavyolazimika kuishi kwa sababu yake.

Hata hivyo utafiti wa Mbarara una mipaka yake, na msomaji mwangalifu hana budi kuijua. Huu ni utafiti uliopiga picha ya wakati mmoja, mara mbili, kwa wanafunzi tofauti. Picha kama hiyo inaonyesha mambo yanayokwenda pamoja lakini haisemi lipi lilitangulia. Ulihusu chuo kimoja. Ulitegemea watu wanayosema juu yao wenyewe. Isitoshe, mwezi Oktoba 2009 mbunge David Bahati aliwasilisha bungeni Kampala muswada dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ambao katika sura yake ya kwanza ulikuwa na adhabu ya kifo. Wanafunzi wa 2010 walijibu hojaji nchi ikiwa katikati ya kelele hizo. Kulinganisha majibu yao na ya 2005 kana kwamba hakuna kilichobadilika nje ya ukumbi kungekuwa kosa.

Njia nyingine ya kuwafikia watu wasiojitaja ilibuniwa na mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn, aliyeieleza mwaka 1997. Watafiti huanza na watu wachache wanaoaminika, huwapa kila mmoja kuponi chache, kwa kawaida tatu, nao huwapelekea wenzao wanaowajua. Anayekuja na kuponi anahojiwa, anapewa za kwake, na mnyororo unaendelea. Mtafiti huandika nani kaletwa na kuponi ipi, na kila mtu anawajua wangapi, kisha hutumia hesabu hizo kurekebisha upendeleo wa wale wenye marafiki wengi. Huko Unguja, njia hiyo ilitumika mwaka 2007 kuwapata wanaume 509 wanaofanya mapenzi na wanaume, na takriban asilimia 12 kati yao walikutwa na virusi vya UKIMWI. Baadaye Michael Ross, Joyce Nyoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walifanya kazi na wanaume 200 wa Dar es Salaam na 100 wa Tanga, na kukuta maambukizi ya takriban asilimia 30 katika mji wa kwanza na 11 katika wa pili.

Tafiti hizo zimeokoa maisha, maana bila takwimu zake wizara za afya zisingejua ukubwa wa tatizo. Ila kwa habari ya wanafunzi zina upungufu wa wazi. Mnyororo wa kuponi hupita palipo na mtandao wa watu wanaojuana. Kijana aliyetoka kata ya Lionja wilayani Nachingwea, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, akafika Dar es Salaam au Dodoma kwa mkopo wa serikali, ambaye hajawahi kumwambia mtu yeyote jambo lake, hayumo katika mnyororo wowote. Kuponi haitamfikia kamwe. Hojaji ya darasa zima ingemfikia.

Kundi la wanafunzi waliobadili jinsia halipatikani vizuri kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu ni dogo mno kwa hesabu za asilimia. Hapo watafiti hurudi kwenye kazi ya kukaa na watu wachache kwa muda mrefu. Kitabu kinachotajwa sana ni cha Z Nicolazzo, kilichotoka Marekani mwaka 2017, juu ya wanafunzi tisa wa chuo kikuu kimoja cha umma waliofuatiliwa kwa miezi 18. Nicolazzo anaonyesha kwamba chuo humwekea mwanafunzi kama huyo vikwazo ambavyo wenzake hawavioni: vyoo, fomu, majina yanayoitwa kwa sauti darasani. Jambo la maana zaidi katika kitabu hicho ni juu ya ustahimilivu. Ustahimilivu huzungumzwa kama kipaji, mtu anao au hana. Wale tisa walionyesha kuwa ni kazi inayofanywa kila siku na kwa mbinu: kujua njia ipi ya kupita, mwalimu yupi wa kumweleza, rafiki yupi wa kukaa naye, na lini kurudi chumbani kupumzika.

Afrika Mashariki kikwazo kikubwa cha mwanafunzi aliyebadili jinsia ni karatasi. Kesi inayojulikana zaidi ni ya Audrey Mbugua wa Kenya, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Maseno. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu, shule ya wavulana, na kupata wastani wa A-. Alipokuja kuishi kama mwanamke, cheti kile kizuri kikawa kizuizi: kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume, na kila mwajiri aliyekitazama aliona mtu mwingine. Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya lilikataa kukibadilisha. Mwaka 2013 alikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru baraza kumpa cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia, ndani ya siku 45.

Hoja za jaji zinastahili kusomwa na kila ofisi ya usajili. Kanuni za baraza lenyewe ziliruhusu jina kubadilishwa. Na kuhusu alama ya jinsia, mahakama iliona kwamba haina kazi yoyote kwenye cheti: kinachothibitishwa ni alama alizopata mtahiniwa, na alama hizo hazipandi wala hazishuki kwa kuwa ni mwanamume au mwanamke. Hukumu haikuingia katika ubishi wa maumbile wala wa dini. Iliuliza cheti ni cha nini, ikajibu, na haki ikapatikana kwa njia hiyo fupi.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania msururu wa karatasi ni mrefu vilevile. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya mitihani vya NECTA, kitambulisho cha taifa cha NIDA, maombi ya udahili na maombi ya mkopo ya HESLB yote yanatakiwa kuoana, na herufi moja tu ikitofautiana huweza kumfanya mtu asafiri kutoka Nachingwea mpaka Lindi mjini kutafuta hati ya kiapo. Mwenye tofauti kubwa kuliko herufi hana mlango rahisi. Ndiyo maana wengi wa kundi hili, kabla ya kushindwa masomo, hushindwa na dawati la usajili.

Kuna wanaodhani kwamba sheria ikibadilika yote yatabadilika. Afrika Kusini inawajibu kwa sehemu. Katiba yake ya mwaka 1996, katika kifungu cha 9, inakataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi, na hakuna nchi iliyoitangulia kwa hilo. Lakini Thabo Msibi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, katika makala ya mwaka 2012 juu ya vijana wa shule za vitongoji vya Waafrika, alikuta matusi na vipigo vikiendelea kama kawaida, na walimu wenyewe wakiwa miongoni mwa wanaovichochea. Mwaka 2018 alitoa kitabu juu ya walimu wanaume Weusi wanaovutiwa na jinsia yao, wanaoficha maisha yao ili waendelee kuheshimiwa darasani. Kwa mkoa kama Lindi somo la Msibi lina mahali pake pa kwenda. Katika Umwera, eneo la Wamwera mkoani humo, jando na unyago vimekuwa kwa vizazi vingi vikimfunza kijana namna ya kuwa mwanamume au mwanamke wa jamii yake. Mwalimu aliyepita huko, akapita na Chuo cha Ualimu Nachingwea, ndiye atakayekutana na mtoto wa darasa la sita anayechekwa kwa mwendo wake au sauti yake. Atakachofanya siku hiyo hakiandikwi katika Katiba yoyote.

Sheria, hata hivyo, ina uzito mkubwa kwa mtafiti. Sylvia Tamale, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Makerere, alipotaka mwaka 2003 kwamba wanaovutiwa na jinsia yao walindwe na Tume ya Fursa Sawa ya Uganda, alishambuliwa nchi nzima, na kura ya wasomaji wa gazeti ikamtaja mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka ule. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo cha sheria cha Makerere, na mwaka 2011 akahariri mkusanyiko mkubwa wa maandishi juu ya mapenzi na jinsia barani Afrika. Si kila msomi ana uimara wake. Muswada wa Bahati ulitiwa saini mwezi Februari 2014, ukafutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka huohuo kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Sheria mpya ilitiwa saini mwezi Mei 2023. Ndani yake iliweka kosa la kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja, lenye kifungo kinachofika miaka 20, pamoja na wajibu wa kutoa taarifa kwa anayejua kosa limetendeka. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ikakiondoa kifungu cha kutoa taarifa. Kwa miezi ile kumi na kitu kabla ya uamuzi huo, mtafiti aliyefanya mahojiano ya aina ya Mbarara angeweza kutakiwa aende polisi na madaftari yake.

Nchi jirani nazo zimesema mengi juu ya wanafunzi hawa bila kuwauliza. Mwishoni mwa Desemba 2021 Waziri wa Elimu wa Kenya, George Magoha, alisema wanaovutiwa na jinsia yao wasome shule za kutwa, si za bweni. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kuvunja maadili. Mtu anaweza kuunga mkono maamuzi hayo au kuyapinga. Lisilopingika ni kwamba kumwondoa mtoto bwenini ni hatua kubwa, na hatua kubwa juu ya watoto inahitaji ushahidi wa nani anamdhuru nani. Ushahidi uliopo, wa Mbarara, unamwonyesha mwanafunzi huyu kama mtu wa kulindwa.

Anayetaka kuurudia utafiti huo Tanzania atahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na kama unahusu afya, idhini ya kimaadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au ya kamati ya chuo inayotambuliwa. Kibali lakini hakimlindi mwanafunzi. Kinachomlinda ni mpangilio wa takwimu, na hapo ndipo watafiti wengi wenye nia njema hukosea. Hojaji isiyo na jina inaweza kumtaja mtu waziwazi. Tuseme inauliza kozi, mwaka wa masomo, jinsia na kata ya nyumbani. Katika darasa la mwaka wa tatu la uuguzi huenda yumo msichana mmoja tu kutoka Lionja. Jedwali likichapishwa na safu ya wilaya na kata, kila mwanafunzi mwenzake atajua ni nani aliyejibu ndiyo, na kabla ya mwezi kuisha habari itakuwa imefika kwao. Anayetoka kijiji kikubwa au mji mkubwa hujificha katika wingi. Anayetoka pembezoni hana wingi wa kujificha.

Tiba yake ipo na ni ya kawaida kwa watakwimu. Swali la kata halina sababu ya kuwepo. Kijijini au mjini, kama walivyouliza Mbarara, panatosha. Kisanduku cha jedwali chenye watu wachache, kwa kawaida chini ya watano, huunganishwa na kingine au huachwa wazi. Ridhaa huchukuliwa kwa mdomo au kwa kuweka alama tu, kwa kuwa fomu iliyotiwa sahihi ni orodha ya majina hata ikifungiwa kabatini. Simu haziingii ukumbini. Karatasi huharibiwa takwimu zikishaingizwa. Tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, nayo inazipa taarifa nyeti, zikiwemo za afya, ulinzi wa ziada. Kamati za maadili zina silaha ya kisheria mkononi kama zikitaka kuitumia.

Hata pale ambapo hakuna utafiti utakaofanyika kesho, chuo hakikosi la kufanya. Matokeo ya Mbarara juu ya ushauri uliokosekana yanaelekeza kwenye ofisi ambazo tayari zipo na zinalipwa mishahara: ya mshauri wa wanafunzi, ya ushauri nasaha, na zahanati ya chuo. Ofisi hizo hazihitaji kumuuliza mtu anavutiwa na nani. Zinahitaji mlango unaofungwa, daftari lisilosomwa na karani, na mtu aliyefundishwa kusikiliza maelezo ya kulazimishwa bila kuanza na lawama. Huduma kama hiyo huwafaa pia wasichana wanaosumbuliwa na wahadhiri kwa ajili ya alama, na wavulana waliotendewa ambao huona aibu kusema. Ofisi ya usajili nayo inaweza kupitia fomu zake na kuondoa alama ya jinsia pale isipokuwa na kazi, kwa hoja ileile ya Jaji Korir.

Wakuu wa vyuo vingi husita hapo, wakidhani kwamba kumsikiliza mwanafunzi ni kuvunja sheria. Kifungu cha 154 kinahusu tendo na anayelitenda. Hakina neno hata moja linalomtaka mshauri, muuguzi au mlezi wa bweni kumtaja mwanafunzi aliyekuja kueleza kwamba amedhulumiwa.